Mapigo Mepesi ya Mkono wa Kulia

Kasongo, ndugu yangu,

Ngoma zinazopigwa na kompyuta katika kwaya ya parokia hazikutoka Ulaya. Ni wewe. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba mwanangu alinitumia kutoka Ubelgiji, zikiwa tayari kwenye diski, nao wameamini kwa sababu nilikuwa mwalimu wa fizikia, na mwalimu haulizwi sana. Lakini kila pigo wanalolisikia Jumapili, lile zito la mguu na yale madogo ya vijiti, ulilipiga wewe katika depo ya Papa Kambale, kati ya magunia ya maharagwe, nami nikalinasa. Hilo nimelificha. Nyuma yake nimeficha lingine, nalo nitalifikia nikijaliwa pumzi.

Pumzi ni chache. Miguu imevimba mpaka viatu vimekataa, na usingizi wangu ni wa kuketi, mto mgongoni. Anayenihudumia ni Odette, binti yako. Amekuwa muuguzi, Kasongo. Anakuja asubuhi kabla ya kwenda kazini, ananifunga kile kitambaa cha kupima damu mkononi, anatazama namba, halafu ananidanganya kwa upole: "Papa Prof, leo iko bien, muzuri kuliko jana." Kila anaponishika mkono hivyo nataka kumwambia, na kila mara namwomba tu maji.

Mji wako usingeutambua. Kule Annexe, pembeni mwa mji, tulikokuwa tunalima mahindi pamejaa nyumba, nyingine hazina hata madirisha lakini zina watu. Malori ya mgodi wa Kinsevere yanapita na kuacha vumbi juu ya kila kitu. Papa Kambale alikufa; wanawe ndio wanaouza unga sasa, na tangu vita viliporudi kwao Kivu depo ile uliyopigia ngoma inalaza ndugu zao waliokimbia. Nilipita pale mwaka jana, wakati bado natembea. Mtoto alikuwa amelala mahali ilipokuwa ngoma yako ya mguu.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza? Kampuni ya shaba ilikuwa inakufa. Tanuru lilizimwa, likawashwa, likazimwa tena, na siku moja ninyi mliolihudumia miaka ishirini mlipangwa foleni kutia sahihi karatasi ya kuondoka kwa hiari, na hapakuwa na mtu mwenye hiari katika foleni ile. Shuleni kwangu kulikuwa na walimu bila wanafunzi, baadaye wanafunzi bila walimu. Watu waliuza vitanda, wakauza milango. Tanuru lilikuachia masikio nusu na kifua cha kikohozi, na kilichobaki chako kilikuwa seti ya ngoma za kwaya. Ulizipiga kama mtu anayebisha mlango wa ofisi ya kampuni.

Mwanangu alikuwa amenitumia kompyuta yenye programu ya ngoma. Nilikuita uisikilize. Ulisikiliza dakika moja, ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Prof, hii haiko batteur, haiko mupiga ngoma. Hii iko mwanamuke anatwanga majani ya sombe. Na hata mwanamuke wa sombe anachokaka, anabadirisha mukono. Huyu haachoke."

Hukujua, lakini ulikuwa umeeleza kosa lote. Waliotengeneza programu ile walinasa pigo moja tu kwa kila ngoma. Ukitaka pigo dogo, kompyuta ililichukua lile lile kubwa na kulipunguza sauti. Ukitaka mapigo kumi, ililirudia lile lile mara kumi. Lakini ngozi ya ngoma ikiguswa kidogo haisemi neno lile lile kwa sauti ya chini. Inasema neno jingine. Na mkono wa mtu haurudii kamwe. Nikakuambia tutatengeneza zetu wenyewe: kila ngoma, tangu mguso wa ukucha hadi nguvu zote, ngazi kumi na mbili, na katika kila ngazi mapigo mengi ya kila mkono, ili kompyuta ichote moja leo na jingine kesho, na msikilizaji asijue kama kuna mtu au hakuna. Ukauliza itachukua muda gani. Nikasema miezi miwili. Ukasema, "Kazi hakuna, muda iko mwingi."

Papa Kambale, kwa kuwa alikuwa anaimba besi kwenye kwaya na alikupenda, alitupa funguo za depo kila Jumapili baada ya misa. Magunia yalimeza mwangwi vizuri kuliko chumba chochote cha redio. Umeme ulikuwa unakatika, basi tukatumia betri ya lori lake. Ulipiga, mimi nikainua kidole, na sote wawili tukasimama bila kupumua mpaka sauti ife yenyewe. Lori likipita njiani, tunaanza upya. Mtu akikohoa nje, tunaanza upya. Mara nyingine aliyekohoa ni wewe. Nilizoea sura yako wakati wa kungoja: ulifumba jicho moja, kama mtu anayesikiliza kama chungu kimechemka. Halafu unaniuliza kwa mdomo bila sauti: "Imekufa?" Nami natingisha kichwa. "Ingine."

Ngazi za juu zilijaa haraka. Za chini zilibaki tupu, kwa sababu hukuweza kupiga kidogo. Nilikuambia upige kama unamwamsha mtoto. "Miye batoto yangu ninabaamushaka na makelele," ukasema. Nilikuambia ufikirie mvua inaanza. Ukapiga mvua ya mawe. Kisha ukakasirika kidogo, ukaweka vijiti chini. "Prof, kama sisikie, sijapiga. Unaomba kintu yenye masikio yangu haina." Nilijua. Lakini bila mapigo mepesi kazi yote ilikuwa bure. Ngoma yenye mapigo makubwa tu ni kelele. Yale madogo kati ya makubwa, ambayo mtu hayasikii mpaka yakosekane, ndiyo yanayomfanya aamini kwamba kuna mtu ameketi pale.

Mwezi wa kumi mapigo mepesi yakaanza kuja.

Nilifurahi sana. Ngazi ya nne, ya tatu, zikaanza kujaa zenyewe. Nawe ulifurahi. Ulijipiga kifua: "Unaona? Muzee wa tanuru anajifunza kubembeleza!" Tulikula karanga juu ya magunia kama watu waliofaulu mtihani. Furaha yangu ilikuwa safi kwa wiki mbili, tuseme tatu. Nazitaja wiki hizo kwa sababu nitarudi hapo.

Dada yako Ngoie alikuja kutoka Mitwaba mwezi wa tatu, ukiwa umebaki mwezi mmoja kabla ya Pasaka. Alikuja juu ya lori na mifuko ya karanga na unga wa muhogo, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kazi mjini imekufa na ndugu yake ana njaa. Nilimwona mara mbili tatu tu kabla ya yaliyotokea. Mara ya kwanza alinitazama miwani akasema, "Huyu njo ule anakufungakaka mu depo kila siku ya Mungu, kisha misa? Muke yako hana wivu?" Ukacheka kwa kikohozi. Wewe ulimwita yaya, dada mkubwa, ingawa ulikuwa umemzidi urefu mara mbili.

Jumamosi Kuu alikupikia bukari, ugali wa ule unga wake wa muhogo, na mchuzi wa karanga. Siku ya Pasaka, katikati ya Gloria, kijiti kilianguka kutoka mkono wako wa kulia. Watu walidhani umeteleza. Uliinama kukiokota, vidole havikufunga. Kwaya iliendelea kuimba, nawe ulipiga kwa mkono mmoja mpaka mwisho ukitazama ule mwingine kama kitu cha mtu jirani. Mkono ule haukurudi.

Hospitalini yule daktari kijana aliuliza ilianza lini. Mama Odette, mkeo, akajibu, "Siku ya Pasaka, docteur. Mbele ya pale alikuwa muzima, anapiga ngoma kila siku." Daktari akaitazama tena picha ya kichwa chako. Akasema kitu kile kilichoota humo hakikui hivyo kwa wiki mbili. Kinachukua miezi mingi. Akauliza kama kuna aliyeona udhaifu wowote kabla. Akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilivaa miwani na nilimsalimu kwa Kifaransa. Nikasema, "C'est bien ça, docteur. Pâques." Ndivyo hasa, Pasaka; hivyo tu. Akainua mabega.

Kwenye korido baba yako mdogo ndiye aliyelisema. "Munasikia? Docteur mwenyewe anasema hii kintu haiwezi kukomaa mu juma mbili. Sasa ni nani alimupikia?"

Ulikufa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Kwenye kilio, wanaume wamekaa kuzunguka moto wa uani na wanawake ndani na mwili, walimtoa Ngoie nje wakamsimamisha katikati. Hawakupiga kelele mwanzoni. Waliuliza kwa adabu, kama mahakamani: ulitia nini katika mchuzi ule, na uliacha deni gani la ulozi Mitwaba ambalo ulikuja kulilipa kwa mkono wa ndugu yako. Alisema alitia chumvi. Mtu mmoja akacheka. Yeye akatafuta kati ya nyuso, akaniona. "Prof, weye ulikuwa naye kila siku ya Mungu. Weye ulisomaka. Sema. Ndugu yangu alikuwa muzima mbele nifike?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Alikuwa mzima. Sikuona kitu."

Walimtupia mfuko wake njiani. Vijana wakamfuata na mawe mpaka barabarani, na mimi nilisikia, sikutoka. Nilikaa karibu na moto, mtu akanipa chai, nikanywa.

Kasongo, nimejaribu kujiambia kwamba hata ningesema wasingenisikia. Huzuni inatafuta mtu, haitafuti sababu. Labda. Lakini nilikuwa na ushahidi ambao hakuna kilio kilichowahi kuwa nao. Kila pigo lako nililihifadhi kwa jina: ngoma gani, mkono gani, tarehe gani. Ningeweza kuleta kompyuta pale uani, nikaiunga kwenye betri ya lori, nikawapigia mkono wako wa kulia wa mwezi wa tisa, kisha wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Hata baba yako mdogo, ambaye hakusoma, angesikia mkono ukizama miezi mitano kabla dada yako hajapanda lori.

Wiki moja baada ya maziko nilikaa mezani, nikafuta tarehe zote. Jina baada ya jina, siku tatu nzima. Nikaacha ngoma, mkono na ngazi tu. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya utaratibu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu aliyefungia sauti za mikono ya marehemu ndani ya sanduku, na marehemu akafa kwa mkono: ungewaambia nini watu wale kwamba si mimi mlozi? Ngoie alikuwa amesimama mahali ambapo mimi ningeweza kusimama. Nikamwacha pale.

Diski ya kwanza, ile yenye saa nzima nzima, pamoja na sauti yako ukiuliza na kukohoa na kucheka, ilianza kugonga ndani kama saa mbovu, kisha ikanyamaza. Nimeipeleka kwa vijana watatu wenye maduka ya kompyuta. Wa mwisho alinirudishia na kuniambia, "Papa, hii inafaa kwa kuzuia mulango." Basi kilichobaki ni mapigo yasiyo na tarehe, na neno langu.

Na mapigo hayo yamekwenda mbali. Parokia ilipokosa mpigaji niliwapa kwa mwezi mmoja tu, wasikae bila ngoma. Vijana wa kwaya wakayanakili, wakawapa wa parokia nyingine, hao wakawapa wenye studio. Wanayaita "batterie ya Prof", seti ya ngoma ya Prof. Juzi arusi ilipita hapa chini ya dirisha na vipaza sauti juu ya gari, nikakusikia, ngazi ya tatu, mkono wa kulia, unabembeleza kama ulivyosema. Mmoja wa vijana aliwahi kunishika bega: "Prof, bale bazungu benye kutengeneza hii, bako bafundi. Mutu anaapa iko batteur wa kweli." Nikasema ndiyo, ni mafundi.

Ni Mama Odette tu ambaye hakudanganyika kabisa. Jumapili moja, miaka mingi iliyopita, alitoka misani akasimama nami penye ngazi za kanisa. "Ile mashini inapiga sawa na marehemu. Ila marehemu alikuwa na nguvu zaidi." Nikashindwa kumtazama. Wanakwaya wanapenda mapigo mepesi, hayafuniki sauti zao. Kwa hiyo kila Jumapili mjane wako alikaa benchi ya tatu akisikiliza ugonjwa wako, na aliutambua, akakosa jina lake. Naye ameshazikwa.

Ngoie bado yuko hai, au alikuwa hai msimu wa mvua uliopita. Dereva mmoja wa wana wa Kambale anafika Mitwaba kuchukua maharagwe. Nilimwuliza kama anamfahamu mama mzee wa jina hilo. Alifikiri kidogo, kisha uso ukafunguka: "Aa! Mama mulozi?" Anaishi peke yake, akasema, mwisho wa shamba, macho hayaoni vizuri, na watoto wanatumwa kumpelekea maji lakini wanayaacha mbali na mlango. Nilitaka kwenda. Nilifika mpaka kwenye lori na kiti wakaniwekea mbele. Sikuweza kupanda ile ngazi ya kwanza. Walinisukuma kwa nyuma kama gunia, nikapiga kelele ya maumivu, wakanishusha. Mtu akaniketisha kivulini. Hiyo ndiyo safari yangu yote ya kutubu.

Kwa padri nimeshasema. Alinipa neno la Mungu na maondoleo, lakini hawezi kumrudishia Ngoie jina lake. Aliyemnyang'anya ndiye anayepaswa kumrudishia, naye hawezi kufika mlangoni bila kushikwa.

Kwa hiyo naandika. Nakuandikia wewe, kwa sababu nikimwandikia Odette moja kwa moja nitaanza kujitetea, na mbele yako siwezi kujitetea. Lakini yeye ndiye atakayeisoma. Kesho asubuhi akishanifunga kitambaa cha damu nitampa karatasi hizi kabla hajatazama namba. Nakuahidi hilo, na ukiona nimeomba maji tena badala ya kusema, basi ziko chini ya mto, ambapo yeye mwenyewe hutandika. Nitamwomba azisome mbele ya ukoo, baba yako mdogo bado yupo, na kisha zipelekwe Mitwaba zikasomwe kwa sauti mahali ambapo watu wa shangazi yake watasikia. Sijui kama atakubali. Sijui kama atanigusa tena. Anayeniweka hai ni mtoto wako, na sina kitu kingine cha kumpa ila sababu ya kuacha.

Lala, Kasongo. Sikuombi unisamehe, masikio yako nusu yalitosha kusikia uongo wangu ulipokuwa hai, usisumbuke nao huko. Kwaheri, fundi.

Limebaki hili, nami nimelizunguka kurasa zote hizi.

Kila Jumapili kabla ya kuanza nilikuomba mapigo manne ya nguvu zako zote, mawili kila mkono, nikakuambia ni ya kurekebisha mikro, vile vinasa sauti. Mwanzoni ilikuwa kweli. Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi mikro hazikuhitaji kurekebishwa tena. Nilikuwa naupima mkono wako. Wa kushoto ulibaki pale pale. Wa kulia ulishuka kila Jumapili, nami niliuona kwenye kioo cha kompyuta, na nilijua si ufundi. Nilijua pia kwamba nikikupeleka kwa daktari atakukataza ngoma, na nilikuwa sijamaliza. Kisha mwezi wa kwanza ulisimama kati ya magunia, ukafungua na kufunga vidole, ukaniuliza: "Prof, weye unaonaka yote mule. Huu mukono wangu iko je?" Ngazi ya pili ilikuwa imebakiza mapigo matatu.

Nikakujibu, "Iko muzuri. Piga ingine." Ukapiga.